Misitu ya Ncha ya Kaskazini: hii miti iliishije gizani miezi minne?

Kisiki_Kikavu

Wakuu habari zenu. Naomba wenye elimu ya miamba na mimea mnisaidie maana hili jambo limeniganda kichwani.

Nimekutana na picha za visiki kutoka kisiwa kinaitwa Axel Heiberg, kiko juu kabisa Kanada, karibu latitudo 80 kaskazini. Huko leo hakuna mti hata mmoja, ni jangwa la baridi, mimea yenyewe ni ya kutambaa chini. Halafu ghafla unaona visiki vinene vimekaa palepale vilipoota, mizizi ikiwa bado imeshika udongo, na wanasema vina miaka kama milioni 45. Umri haujanishtua sana, visukuku vya zamani kuliko hapo vipo vingi. Kilichonishtua ni kwamba HAVIJAGEUKA MAWE. Ni mbao kabisa, unakata kwa msumeno na ukiwasha inawaka.

Sasa mimi swali langu liko hivi, kule juu jua likizama mwezi wa kumi linarudi mwezi wa pili huko, miezi minne hivi ni giza. Mti unakula mwanga. Hii miti ilikuwa inakula nini? Na kama ilikuwa inaangusha majani ili ivumilie giza kama nilivyosoma sehemu, mbona hiyo ni jamii ya misonobari, siyo kawaida yake kuangusha majani? Nieleweshwe taratibu, mimi siyo msomi wa haya mambo.

Mwendo_wa_Pole

Simple tu mkuu. Mabara yanatembea. Hicho kisiwa wakati huo kilikuwa huku chini karibu na ikweta, miti ikaota ikafa, halafu bamba likakipeleka juu na mizigo yake. Ndo maana unaona msitu mahali ambapo hapafai msitu. Wala usikose usingizi kwa hilo.

Tabaka_Saba

@Mwendo_wa_Pole hapo umekimbia mkuu. Mabara yanatembea kweli, ila yanatembea sentimita chache kwa mwaka na miaka milioni 45 siyo mingi kivile kwenye hizo hesabu. Enzi ya Eosini, ambayo ndiyo ya hivyo visiki, Axel Heiberg tayari ilikuwa ndani ya duara la Aktiki, tofauti na leo ni digrii chache tu. Kwa hiyo giza la majira ya baridi lilikuwepo, hukwepi.

Maelezo yako yanafaa kwa msitu mwingine. Kule Svalbard, visiwa vya Norwei, kuna mashina ya miti yenye miaka kama milioni 380, na hiyo miti kweli iliota karibu na ikweta halafu ardhi ikapanda nayo kaskazini. Lakini hiyo siyo misonobari, misonobari ilikuwa haijazaliwa bado, ni jamii ya likopodi (mimea ya kale isiyo na maua wala mbegu) iliyokuwa na maumbo ya miti. Watu wakisikia "msitu wa kale Aktiki" wanachanganya hivi vitu viwili, na kumbe katikati yake kuna zaidi ya miaka milioni 300.

Mwendo_wa_Pole

Haya, bara halikutembea. Basi dunia yenyewe ilikuwa imesimama wima, mhimili haukuinama kama leo, kwa hiyo hapakuwa na giza refu. Hili nalo nimelisoma sehemu, sijalitoa mfukoni.

Tabaka_Saba

Umelisoma sawa, kuna wanasayansi walilipendekeza hilo hasa walipokuwa wanasoma misitu ya Antaktika na hawaoni mti utaishije gizani. Shida yake ni hii: ukiusimamisha mhimili wima, ncha za dunia zinapata jua KIDOGO zaidi kwa mwaka mzima kuliko sasa hivi. Jua linakuwa linachungulia tu kwenye upeo siku zote, halipandi. Yaani unatibu giza unaleta baridi na mwanga hafifu wa mwaka mzima, na visukuku vinaonyesha kinyume, kwamba kulikuwa na joto na miti ilikua kwa kasi. Pia ukiangalia pete za ukuaji kwenye mbao za huko unaona msimu unaanza unakatika, unaanza unakatika. Mahali pasipo na misimu hupati alama ya namna hiyo.

Siku hizi hilo wazo halina watetezi wengi. Giza lilikuwepo, tukubali tuendelee.

mama_chavua

Nimefurahi kuona huu uzi, mada zangu hizi.

Kisiki kwanza tuanze na joto maana bila hilo mengine hayaeleweki. Dunia ya Eosini ilikuwa na joto sana kuliko hii yetu, hewa ya ukaa ilikuwa nyingi angani, na ncha zote mbili hazikuwa na barafu kubwa ya kudumu. Kisiwa cha jirani na hicho chako, Ellesmere, kwenye matabaka ya zamani kidogo zaidi, kama miaka milioni 52 au 53 hivi, wamekuta mifupa ya kobe na ya aligeta. Mary Dawson na wenzake ndio walianza kuitoa miaka ya 1970. Sasa aligeta ni mnyama mzuri sana kwa kupima hali ya hewa ya kale, kwa sababu havumilii baridi ya kugandisha kwa muda mrefu, hana koti wala hana namna ya kujipasha joto mwenyewe. Ukimkuta pale ujue hata katikati ya lile giza hapakuwa na baridi kali ya siku nyingi mfululizo. Ilikuwa giza lenye unyevunyevu, mvua, matope, ukungu. Binafsi hicho ndicho kitu kinachonivutia kuliko vyote, kwamba hakuna mahali duniani leo penye hali ya namna hiyo, huwezi kupanda ndege ukaenda kuona msitu wa vinamasi wenye joto la wastani ambao hauoni jua miezi minne. Haupo. Tunaujua kwa visiki, chavua na mifupa basi.

Miti yenyewe: kwenye vinamasi wababe walikuwa wawili, metasekoya na gliptostrobo, wote ni ndugu wa zile sekoya kubwa za California. Sehemu zenye ukavu kidogo kulikuwa na misonobari yenyewe, misprusi, milariksi, na miti ya majani mapana pia. Kuna waliopima vigogo na kukadiria kwamba metasekoya za pale zilifika karibu mita 40 kwenda juu. Leo msitu wa kaskazini kabisa duniani ni wa milariksi kule Taymyr, Urusi, latitudo 72 na nusu hivi, na miti yake ni mifupi, imedumaa. Sasa linganisha.

Kuhusu swali lako la majani: metasekoya, gliptostrobo na mlariksi ni katika wale wachache wa jamii ya misonobari wanaopukutisha majani kila mwaka. Metasekoya haiangushi jani mojamoja, inaangusha kijitawi kizima na majani yake. Ndo maana Axel Heiberg kuna mikeka ya majani chini, tabaka juu ya tabaka, unabandua kama kurasa.

Kisiki_Kikavu

Dada mama_chavua asante sana. Kwa hiyo nilichosoma ni sawa, majira ya baridi yakija wanaangusha majani kwa sababu jani gizani ni hasara tupu, linapumua linakula akiba na halileti kitu. Mti unajizima kama hauna habari halafu unaamka jua likirudi. Imeisha hiyo?

mama_chavua

Haijaisha ☺ na hapo ndipo utamu ulipo.

Hiyo hadithi ilikubalika kwa miaka mingi bila mtu kuipima, kwa sababu inaingia akilini haraka. Mwaka 2003 kikundi cha Colin Osborne, David Beerling na Dana Royer, pale Sheffield Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lao kwenye jarida la Nature. Walichofanya ni kuchukua miti ambayo ndugu zake walikuwepo kwenye misitu ya kale ya ncha, wakaikuza kwenye vyumba vyenye mwanga unaofuata kalenda ya huko juu, yaani kiangazi jua halizami na majira ya baridi giza, na hewa ya ukaa wakaiongeza kwenye baadhi ya vyumba. Upande wa wapukutishaji walikuwepo metasekoya, taksodi (mti wa vinamasi, ndugu yake) na ginko, upande wa kijani mwaka mzima ilikuwepo sekoya ya pwani na nothofago (mti wa majani mapana wa kusini). Halafu wakapiga hesabu ya kaboni.

Ni kweli mti wenye majani gizani unapoteza kaboni kwa kupumua. Lakini kiasi chenyewe ni kidogo. Mti unaoangusha majani yote unapoteza kaboni iliyomo kwenye hayo majani, na hasara hiyo ilikuwa kama mara 20 ya ile ya kupumua! Yaani ni kama mtu anayevunja nyumba kila mwaka ili akwepe bili ya umeme ya miezi minne.

Kwa hiyo ukiangalia akiba ya kaboni peke yake, miti ya kijani mwaka mzima haikuwa na tatizo lolote na giza. Wapukutishaji walilipa fidia upande mwingine, kiangazi walikuwa wanatengeneza chakula kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo mwisho wa mwaka wakawa hawajapishana sana.

FundiMbao

Mimi hiyo hesabu naijua na siipingi, ila nina neno. Jaribio lilifanywa kwa miche, ndani ya chumba, miaka michache. Msitu halisi una mambo mengine. Mti wa mita 30 wenye majani majira ya baridi unapigwa na upepo, unabeba theluji ikianguka, unapata wadudu na ukungu. Na siyo kila majira ya baridi yalikuwa laini, mwaka mmoja mbaya katika 50 unatosha kuua wasiojiandaa. Kusema giza siyo sababu ni sawa, ila watu wasiruke kutoka hapo wakasema kupukutisha hakukuwa na faida. Mbona wao ndio waliojaa kwenye vile vinamasi? Kilichowajaza ni nini?

mama_chavua

Swali zuri na ndilo lililobaki mezani mpaka leo. Nasema tu sababu lazima itafutwe kwingine: rutuba ya udongo, maji yaliyotuama, moto, historia ya kila ukoo na ulikotokea. Na joto lenyewe. Kuna jaribio la Jennifer Read na Jane Francis la 1992, waliweka miche ya miti ya kusini gizani kwa wiki kadhaa, mingine kwenye baridi mingine kwenye vuguvugu. Miche mingi ilivumilia giza, na iliyokaa kwenye baridi ilivumilia vizuri kuliko ya kwenye vuguvugu, kwa sababu kwenye joto mti unapumua kwa kasi na akiba inaisha mapema. Kwa maana hiyo ile hali ya "joto na giza" ndiyo ngumu, siyo giza peke yake. Mpaka hapo FundiMbao tuko pamoja.

Ambapo hatuko pamoja ni kwenye "wao ndio waliojaa". Walijaa kaskazini, kaka. Nenda kusini ukaone.

Kisiki_Kikavu

Subirini, kusini = Antaktika? Nako kulikuwa na msitu??

Tabaka_Saba

Tena siyo mara moja. Antaktika imekuwa na misitu vipindi tofauti kabisa, chukua kiti.

Ya zamani ni ya Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, mti wake mkuu ni glosopteri. Huo siyo msonobari, ni ukoo uliokwisha kabisa, ila nautaja kwa sababu ya kisa chake: Scott, mpelelezi wa Uingereza, na wenzake waliporudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912 wakafia njiani, walikutwa na mawe ya kilo kama 16 ambayo walikuwa wameyavuta kwenye sleji mpaka mwisho, na ndani yake kulikuwa na majani ya glosopteri. Wanaume wanakufa njaa na baridi na hawatupi mawe. Sijui niseme ni ushujaa au ni ukichaa, lakini yale mawe yalisaidia sana kuonyesha kwamba Antaktika na mabara mengine ya kusini yaliwahi kuwa kitu kimoja.

Jamii ya misonobari unaikuta zaidi kwenye enzi ya Kretasia. Kisiwa cha Alexander, pembeni ya rasi ya Antaktika, kuna msitu wa miaka kama milioni 100 ambao vigogo vyake vimesimama wima ndani ya mwamba, vilizikwa na mafuriko ya mchanga na tope vikiwa hai. Hivyo vimegeuka mawe kweli, siyo kama vya Axel Heiberg. Na miti yake ni podo na araukaria, yaani koo zenye kijani mwaka mzima. Wamechunguza muundo wa mbao zenyewe, jinsi pete inavyofungwa mwisho wa msimu, na wengi wanaonekana walibaki na majani. Gizani, latitudo ya 70 na ushee kusini.

Kwa hiyo dada mama_chavua ana hoja nzito. Kama giza ndilo lingekuwa linalazimisha majani yaanguke, kusini nako yangeanguka.

mama_chavua

Umenimalizia. Na ongeza ile ya 2017, meli ya utafiti ya Wajerumani, Polarstern, ilitoboa sakafu ya bahari kwenye ghuba ya Pine Island, Antaktika Magharibi, wakatoa nguzo nyembamba ya tope gumu ambayo ndani yake kuna mizizi ya msitu imeshikamana vilevile ilivyokuwa ardhini, mpaka seli zinaonekana. Johann Klages na wenzake walichapisha 2020. Umri ni kama miaka milioni 90, na mahali hapo wakati huo palikuwa karibu latitudo 82 kusini, karibu na ncha kuliko sehemu zote za kusini tulizonazo za Kretasia zenye ushahidi wa namna hii. Chavua zake zimejaa podo, araukaria na mikangaga. Wastani wa joto wa mwaka wameukadiria kama digrii 12 hivi, na miezi minne ya giza. Hewa ya ukaa waliyoihitaji kwenye modeli ili ipatikane hali hiyo ni kati ya sehemu 1,120 na 1,680 kwa kila milioni, na pia ardhi iwe imefunikwa na mimea, isiwe na barafu. Leo tuko juu kidogo ya 420.

Halafu 2024 kutoka kwenye hiyohiyo nguzo ya tope wakatangaza kaharabu, vipande vidogo kabisa vya utomvu wa miti, kaharabu ya kwanza kupatikana Antaktika. Mti uliumia gome, ukatoa utomvu kujiziba, na huo utomvu upo mpaka leo.

Jani_Mkabala

Nimekaa kimya nasoma ila mmetaja metasekoya mmeiacha hivihivi na ndiyo yenye kisa kitamu kuliko yote 😀

Karne ya 19 wavumbuzi wa Aktiki walikuwa wanaleta visukuku vya majani Ulaya, kutoka Greenland, Svalbard na kwingine, na vingi vilipelekwa kwa Oswald Heer, Mswisi. Yeye akavipanga, na yale majani membamba ya safu mbili akayaita sekoya au taksodi, kwa sababu kwa wakati ule ndio miti hai iliyofanana nayo. Wakakaa na hayo majina miongo na miongo.

Mwaka 1941 Shigeru Miki, Mjapani, akaangalia visukuku vya kwao kwa makini, akaona hapana. Kwenye sekoya na taksodi majani yanapishana kwenye kitawi, moja huku lingine mbele kidogo kule. Kwenye hivi vyake majani yanakaa jozi, uso kwa uso, na magamba ya koni vilevile. Akasema huu ni ukoo wake peke yake, akauita Metasequoia, na kila mtu akajua ni mti uliokwisha zamani.

Sasa mwaka huohuo 1941 huko China ya kati, kwenye kijiji kinaitwa Modaoxi, mtaalamu wa misitu akakutana na mti mkubwa wa ajabu ambao wenyeji waliujua siku zote. Vita vinaendelea, mawasiliano hakuna, sampuli zikachukuliwa baadaye, zikazunguka, mpaka Hu na Cheng wakaoanisha na kile kisukuku cha Miki na mwaka 1948 wakautangaza kwa jina la Metasequoia glyptostroboides. Mti hai! Baada ya hapo Ralph Chaney wa Marekani akarudi kwenye visukuku vya zamani na kukuta vingi vilivyoitwa sekoya na taksodi ni metasekoya. Yaani wasomi walikuwa na msitu mzima wa Aktiki mikononi wameuandika jina la jirani yake.

Mbegu zikasambazwa, leo umepandwa kwenye bustani nyingi sana za mimea duniani. Kisiki ukiuona mahali angalia majani yako jozi au yanapishana, utaujua hapohapo.

Mwendo_wa_Pole

Hii ya majani jozi nimeipenda. Ila nina swali la kwangu kabla hamjaondoka, mbao inakaaje miaka milioni 45 bila kuoza wala kuwa jiwe? Mbao ya nyumba yenyewe miaka 10 ishaliwa na mchwa.

FundiMbao

Hapo sasa ni kwangu.

Kuoza ni kazi ya kuvu na bakteria, na wengi wanaomaliza mbao wanataka oksijeni. Msitu wa Axel Heiberg ulikuwa kwenye uwanda wa mto, mafuriko yanakuja yanaleta mchanga na tope yanafukia, maji yametuama, oksijeni haifiki. Kisiki kikishafukiwa hivyo kuoza kunasimama au kunakwenda polepole sana. Msitu mwingine unaota juu yake, nao unafukiwa, ndo maana kuna misitu juu ya misitu.

Ili mbao igeuke jiwe inatakiwa maji yenye madini, silika hasa, yapite ndani na kujaza seli. Pale hayo maji hayakuwepo ya kutosha. Ili igeuke makaa inatakiwa ifukiwe kina kirefu ipate joto na mgandamizo. Nayo haikufukiwa sana. Kwa hiyo ikabaki katikati, haikuoza, haikuwa jiwe, haikuwa makaa. Baadaye dunia ikapoa udongo ukaganda, ikawa imetunzwa. Mwaka 1985 rubani wa helikopta akaviona visiki vimechomoza kwenye kilima, upepo umeshaondoa udongo, ndo watafiti kina James Basinger wakaanza kwenda.

Kwa sura ni mbao nyekundu nyeusi, nyepesi, imebonyea kidogo kwa uzito wa udongo. Selulosi (nyuzi za mbao) imepungua na lignini (kinachozishika na kuzikaza) ndiyo iliyobaki nyingi. Ikitoka kwenye udongo ulioganda ikapigwa na hewa inakauka, inapasuka, inachambuka vipande na upepo unapeperusha. Kwa hiyo kila kisiki unachokiona kwenye picha kinaondoka. Mtu mwingine akipita akachukua kipande cha ukumbusho anaharakisha tu, na Nunavut, jimbo la Kanada lenye kisiwa hicho, visukuku havichukuliwi bila kibali.

Kitu kizuri kwa fundi kama mimi ni pete. Ni pana, na sehemu kubwa ya pete ni mbao ya mwanzo wa msimu, ile ya seli kubwa, halafu mbao ya mwisho wa msimu ni kamstari tu. Mti unakua mbio mchana na usiku maana hakuna usiku, halafu mwanga unapungua na kukatika ndani ya muda mfupi, mti unafunga.

Kisiki_Kikavu

Nimeshiba aisee. Mawili ya mwisho nawaachia. Kama ni mbao halisi, DNA inaweza kutolewa? Na hii misitu iliisha lini, baridi ilikuja ghafla au?

Tabaka_Saba

DNA sahau. Inavunjikavunjika hata kwenye baridi, na milioni 45 ni mbali mno. DNA ya zamani kuliko zote iliyosomwa mpaka sasa ni ya kaskazini mwa Greenland, sehemu inaitwa Kap København, ina miaka kama milioni 2, ilitangazwa 2022 na kikundi cha Kurt Kjær na Eske Willerslev. Hiyo haikutoka hata kwenye mti mmoja, ilitoka kwenye udongo, imeng'ang'ania chembe za madini. Kwenye mbao za Axel Heiberg wanachofanya ni kupima isotopu (aina za atomi zenye uzito tofauti) za kaboni na oksijeni ndani ya selulosi iliyobaki, wanapata habari za mvua na unyevu wa hewa, hata msimu kwa msimu ndani ya pete moja.

Na hiyohiyo Kap København inajibu swali lako la pili. Miaka milioni 2 tu iliyopita, kaskazini mwa Greenland ambako leo ni mawe na baridi, kulikuwa na mibetula, mipopla, tuja ambayo ni jamii ya mierezi, na mastodoni (ndugu wa kale wa tembo) wanatembea humo. Rudi nyuma kidogo, Ellesmere miaka kama milioni 4 kuna bwawa la kale lenye vijiti vya mlariksi vina alama za meno ya biva (mnyama anayekata miti kwa meno), na kisiwa hichohicho 2013 walitangaza mfupa wa ngamia mkubwa wa kipindi cha karibu na hapo. Kwa hiyo haukuwa mkato mmoja. Metasekoya na vinamasi viliondoka dunia ilipoanza kupoa baada ya Eosini, wakabaki wavumilivu kina mlariksi, msprusi na mbetula, nao wakasukumwa kusini barafu ilipoanza kuja na kurudi.

mama_chavua

Na kusini ilichelewa kuliko watu wanavyodhani, barafu kubwa ya Antaktika ilianza kama miaka milioni 34 iliyopita ila podo na nothofago hazikutoka siku hiyohiyo, chavua zake zinaonekana kwenye matabaka ya baadaye, vichaka vifupi vya kandokando ya pwani. Araukaria nayo iko kwenye visukuku vya kisiwa cha Seymour vya Eosini. Kesho nikipata nafasi naandika uzi wa chavua peke yake, jinsi ya kutofautisha ya podo na ya msonobari maana zote mbili zina vifuko vya hewa pembeni na wanafunzi wanazichanganya kila mwaka.

Mwendo_wa_Pole

Ukiuanzisha nitag dada.